Misitu ya Milima ya Rubeho: Viumbe, Maji na Wajibu wa Wakazi

Mkoa wa Dodoma hujulikana nchini kote kwa ukame wake. Hutajwa kwa mibuyu na migunga, kwa makorongo yasiyopitisha maji zaidi ya nusu ya mwaka, na kwa mvua ya msimu mmoja inayoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Mgeni anayeufahamu mkoa kwa sifa hizo pekee hawezi kudhani kwamba ndani ya mipaka yake, katika Wilaya ya Mpwapwa, imo misitu ya milimani inayofunikwa na ukungu, yenye vigogo vilivyovikwa mimea ya majimaji na ndege ambao wanasayansi hawakuwafahamu hadi miaka ya 2000. Wapo hata wakazi wa wilaya hiyo wanaotumia kila siku maji yanayotoka katika milima hiyo bila kuwahi kuikanyaga.

Somo hili linaeleza misitu hiyo ni ya aina gani, viumbe gani huishi humo, kwa nini maji ya mabondeni huitegemea, na sheria inamtaka mkazi wa kata afanye nini ili iendelee kuwapo.

Mahali misitu ilipo

Milima ya Rubeho imesimama mpakani mwa Mkoa wa Dodoma na Mkoa wa Morogoro. Upande wa magharibi hutazama Mpwapwa. Upande wa mashariki hutazama Kilosa. Miongoni mwa misitu ya hifadhi iliyomo katika safu hiyo ni Mafwemiro, Mang'alisa, Wota na Ukwiva. Majina mawili kati ya hayo ni majina ya kata za Mpwapwa pia, kwani Wotta na Mang'aliza ni kata zenye wakazi, mashamba na shule, si misitu tu.

Rubeho ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Jina hilo hutumika kwa mafungu 13 ya milima ya kale yaliyojipanga kama upinde kutoka Taita, kusini mashariki mwa Kenya, kupitia Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho na Malundwe, hadi Udzungwa na Mahenge. Kila fungu limetengwa na jingine kwa tambarare kavu na yenye joto. Kwa kiumbe aliyezoea baridi na unyevu wa kilele, tambarare hiyo ni kama bahari, na kila mlima ni kisiwa.

Fungu la Rubeho halifahamiki sana kama Usambara au Udzungwa. Njia za kulifikia ni ngumu, na watafiti wachache wamelifanyia kazi kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo mambo mengi yaliyoandikwa kulihusu ni ya karibuni, na kwa sababu hiyo hiyo wakazi wengi hawajapata nafasi ya kuyasikia.

Ngazi za makazi, kutoka bondeni hadi kileleni

Neno bioanuwai lina maana ya jumla ya aina zote za viumbe hai wa mahali fulani, pamoja na makazi yao na namna wanavyotegemeana. Ili kuielewa bioanuwai ya Rubeho, yafaa kuupanda mlima kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni nyanda kavu. Mji wa Mpwapwa uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hapa hutawala mibuyu, migunga na vichaka vinavyopukutisha majani wakati wa kiangazi. Miti imezoea kungoja, kwani baadhi huhifadhi maji katika vigogo na mingine hulala bila jani hadi mvua irudi.

Hatua ya pili ni miteremko ya miombo. Miti huwa mirefu zaidi, lakini haijasongamana kiasi cha kuzuia jua lisifike chini, na nyasi humea kati yake. Hii ndiyo ngazi inayotoa sehemu kubwa ya kuni, mkaa, asali na uyoga unaotumiwa na kaya za vijijini. Ni ngazi inayozoea moto kwa kiasi, kwa maana miti mingi ya miombo ina magome mazito na huchipua tena baada ya kuungua.

Hatua ya tatu ni msitu wa milimani wenyewe. Matawi hukutana juu na kufanya paa. Jua hupenya kwa vipande vidogo tu, hewa huwa baridi na yenye unyevu mwaka mzima, na ardhi hufunikwa na tabaka nene la majani yanayooza. Vigogo huvikwa mimea midogo ya kijani na mingine huning'inia matawini kama ndevu. Msitu huu, tofauti na miombo, haukuzoea moto. Mti wake mkubwa ukiunguzwa mizizi mara moja, mara nyingi hufa, na nafasi yake hushikwa na magugu na nyasi, ambazo nazo huwaka kwa urahisi zaidi mwaka unaofuata.

Hatua ya nne ni nyasi za juu, katika miinuko inayozidi mita 2,000. Hapa uwanda wa nyasi hukutana na vipande vya msitu vilivyojibana katika mabonde na kwenye migongo ya milima. Mpaka kati ya nyasi na msitu huwa mwembamba, pengine hatua chache tu, na ndipo moto wa kiangazi huanzia kuila misitu kidogo kidogo.

Kila ngazi ina wakazi wake. Ndege wa vichaka vya Mpwapwa hawezi kuishi katika ukungu wa Mafwemiro, na ndege wa Mafwemiro hawezi kushuka kuishi kwenye migunga. Ngazi ya tatu ikitoweka, viumbe wake hawana mahali pa kuhamia.

Viumbe waliojulikana jana

Mwaka 1991 watafiti waliokuwa katika misitu ya Udzungwa waligundua kwale ambaye hakuwahi kuandikwa katika kitabu chochote. Inasimuliwa kwamba dalili ya kwanza haikuwa ndege mwenyewe, bali miguu ya ajabu iliyoonekana ndani ya sufuria baada ya chakula cha jioni. Kwale huyo alipewa jina la kisayansi mwaka 1994, na watafiti waliomchunguza waliona kwamba anakaribiana na kwale wa misitu ya Asia kuliko kwale wa kawaida wa Afrika.

Baadaye ndege wa jamii hiyo hiyo walionekana katika Milima ya Rubeho. Mtafiti Jon Fjeldså na mtafiti wa Kitanzania Jacob Kiure waliandika habari zao mwaka 2003. Uchunguzi wa maumbile na vinasaba uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kwale wa Rubeho anatofautiana na yule wa Udzungwa kiasi cha kustahili kuhesabiwa kuwa spishi ya pekee. Ni ndege wa ardhini. Huchakura katika majani makavu akitafuta wadudu na mbegu. Msitu ukifagiliwa majani yake na moto, sahani yake ya chakula imeondolewa.

Mwaka 2004 alitangazwa ndege mwingine, mdogo, anayefanana na kurumbiza, mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba ndege mdogo wa vichaka vya chini vya msitu katika Rubeho na Ukaguru, aliyekuwa akihesabiwa kuwa sawa na jamaa yake wa Uluguru, ni spishi tofauti. Jina lake la kisayansi limebeba neno Rubeho. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa vyura wadogo wa Tanzania ambao madume yao wana vijiiba kooni, na spishi moja ikapewa jina la msitu wa Ukwiva. Mwaka 2022 watafiti, akiwamo John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walieleza spishi sita mpya za vinyonga vidogo vya Tao la Mashariki, vinavyofanana na jani kavu, na mmoja wao akaitwa kwa jina la Rubeho.

Hivyo, katika miaka isiyofika ishirini, milima hii imeipa dunia ndege watatu, chura mmoja na kinyonga mmoja waliokuwa hawajulikani katika sayansi. Haina maana kwamba walikuwa hawajulikani kwa wenyeji. Wawindaji, warina asali na wachunga ng'ombe wa Rubeho waliwaona vizazi vingi kabla ya hapo. Jambo jipya ni kutambuliwa kwamba viumbe hao hawapatikani popote pengine, isipokuwa katika milima hii au katika milima jirani michache.

Kwa nini hawapatikani pengine

Sababu ni mbili: uzee na upweke wa misitu hii. Milima ya Tao la Mashariki imekuwa ikipokea unyevu wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu mno. Hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, mawingu ya bahari yaliendelea kugonga miteremko ya mashariki, na misitu ikabaki. Viumbe waliokwisha kutoweka kwingineko walipata humo mahali pa kujisitiri.

Upweke ndio sababu ya pili. Kundi la vinyonga lililobaki Rubeho halikuweza kuvuka tambarare kavu kwenda Uluguru. Kila kundi likazaana peke yake kwa maelfu ya vizazi, likabadilika polepole, mpaka likawa spishi nyingine. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2007 ilihesabu katika Tao la Mashariki angalau spishi 96 za wanyama wenye uti wa mgongo zisizopatikana mahali pengine duniani: mamalia 10, ndege 19, reptilia 29 na amfibia 38. Utafiti wa miaka iliyofuata umeendelea kuongeza hesabu hiyo.

Jambo linalofanya misitu hii iwe ya thamani ndilo pia linaloifanya iwe dhaifu. Spishi inayoishi katika nchi nzima huweza kupoteza msitu mmoja na ikabaki. Spishi ambayo dunia yake yote ni migongo michache ya milima haina akiba. Na watafiti wanakadiria kwamba zaidi ya thuluthi mbili ya msitu wa asili wa Tao la Mashariki kwa jumla umekwisha kupotea.

Msitu na maji

Mkazi anayelima uwele katika nyanda za chini anaweza kuuliza kwa haki: kwale wa kilimani anamhusu nini? Jibu limo katika maji.

Upepo wa bahari ukiufikia mlima hulazimika kupanda. Hewa inapopanda hupoa, na mvuke uliomo huwa mawingu, ukungu na mvua. Ndiyo maana upande wa mashariki wa milima ni mbichi. Hewa inaposhuka upande wa magharibi imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya unyevu wake, na Dodoma hubaki katika kivuli cha mvua. Milima ile ile inayochangia ukavu wa nyanda ndiyo hiyo hiyo inayohifadhi maji ambayo nyanda huyahitaji.

Msitu hauumbi mvua kwa muujiza, nao wenyewe hunywa maji. Kazi yake kubwa ni kupanga wakati wa maji kufika. Majani hupunguza kishindo cha matone. Ukungu hunaswa matawini na kudondoka chini hata siku isiyo na mvua. Majani yaliyooza na mizizi huacha matundu mengi ardhini, na maji hujipenyeza humo badala ya kutiririka juu. Kama mtungi wa udongo unaotoa unyevu wake polepole, mlima hutoa kupitia chemchemi maji ya Februari katika mwezi wa Septemba.

Maji ya Rubeho na miteremko yake huenda njia mbili. Mengine hufuata mabonde kama Lumuma na kuingia katika mto Kinyasungwe, ambao huko Kilosa huitwa Mkondoa, na hatimaye huwa sehemu ya mto Wami. Mengine huelekea kusini, Malolo ikiwa njiani, na kuingia Ruaha Mkuu, mto unaolisha bonde la Rufiji. Vitunguu vya Lumuma na Malolo vinavyojaza magunia katika masoko ya Dodoma na Dar es Salaam hukuzwa kwa maji ya mifereji wakati ambapo mvua imekwisha. Mfereji ni kazi ya mikono ya wakulima. Maji yaliyomo ni kazi ya mlima.

Jaribio la Mpwapwa

Wilaya ya Mpwapwa ina heshima ya pekee katika historia ya elimu ya udongo. Kuanzia mwaka 1933, mtafiti R. R. Staples aliendesha hapa jaribio la kupima mmomonyoko kwa vipande vya ardhi, mojawapo ya majaribio ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika. Mteremko uliochaguliwa haukuwa mkali: ulishuka kwa takribani mita 6 katika kila mita 100. Mvua ilikuwa ya kawaida ya eneo hili, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka. Matokeo yalikuwa haya:

Katika kipande kilichoachwa wazi bila mmea wowote, nusu ya maji ya mvua ilitiririka na kupotea, na hekta moja ilipoteza takribani tani 146 za udongo kwa mwaka.

Katika kipande kilicholimwa uwele, karibu asilimia 26 ya mvua ilitiririka, na udongo uliopotea ulikuwa takribani tani 78 kwa hekta.

Katika kipande kilichoachiwa kichaka cha asili bila kulishwa mifugo, mvua iliyotiririka haikufika hata asilimia 1, na hapakuwa na udongo uliopotea wa kupimika.

Tani 146 ni mzigo wa malori ishirini ya tani saba, na bado kuna ziada. Ukitandazwa juu ya hekta moja, udongo huo ni unene wa takribani sentimita moja. Maana yake ni kwamba ardhi tupu ya mteremko mdogo hupoteza kwa mwaka mmoja tabaka ambalo asili hulitengeneza kwa vizazi.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa hapa. Kwanza, kilichozuia mmomonyoko katika jaribio hilo hakikuwa msitu mkubwa wa milimani. Kilikuwa kichaka cha kawaida cha Mpwapwa. Kifuniko chochote cha ardhi kina thamani. Pili, mteremko wa jaribio ulikuwa mpole. Miteremko ya Rubeho ni mikali mara nyingi zaidi, na mvua yake ni kubwa zaidi. Shamba lililofunguliwa huko bila matuta halipotezi udongo kwa kiasi kidogo kuliko shamba la Mpwapwa mjini.

Udongo unakokwenda

Udongo unaoondoka mlimani haupotei. Hubadili mahali tu. Hujaza mito mchanga, na mto uliojaa mchanga hauna kina cha kubeba mafuriko. Reli ya Kati, inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma na kuendelea magharibi, hupita katika bonde la Mkondoa na Kinyasungwe kati ya Kilosa na Gulwe. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu reli katika sehemu hiyo, na safari zikakatika. Huko Kilosa watu walipoteza nyumba na mashamba. Mafuriko yana sababu nyingi, na mvua kubwa ndiyo ya kwanza; lakini mchanga unaotoka katika miteremko iliyovuliwa uoto, ikiwamo ya Mpwapwa, umekuwa ukitajwa na wataalamu kila inapozungumzwa njia hiyo ya reli.

Kwa hiyo mkulima wa kilimani, mkulima wa mfereji, abiria wa treni na mkazi wa Kilosa wameunganishwa na mteremko mmoja.

Hatari zinazoikabili misitu

Hatari ya kwanza ni moto. Mwingi huwashwa kwa sababu zinazoeleweka: kusafisha shamba, kuchipusha nyasi za mifugo, kufukuza nyuki au kuwinda. Moto hauheshimu mpaka wa shamba, na pembeni mwa msitu huacha ukingo uliokauka ambao utaungua kirahisi zaidi mwaka ujao.

Ya pili ni mashamba yanayopanda kidogo kidogo. Ardhi ya ukingo wa msitu ina unyevu na rutuba ya majani yaliyooza. Kwa mkulima ambaye shamba lake la bondeni limechoka, kishawishi ni kikubwa. Lakini rutuba hiyo ni akiba ya msitu. Msitu ukiondoka, mvua huibeba akiba hiyo katika misimu michache, na mkulima hulazimika kusogea juu tena.

Ya tatu ni ukataji wa mbao na nguzo, na ya nne ni mitego. Mtego wa waya hauchagui. Uliotegewa paa humnasa kwale anayetembea ardhini.

Hakuna hatari hata moja kati ya hizo inayotokana na chuki dhidi ya msitu. Zote hutokana na mahitaji ya chakula, fedha, malisho na nishati. Ulinzi unaosahau mahitaji hayo haudumu. Mahitaji yanayosahau chemchemi nayo hayatadumu.

Sheria inasema nini

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata miti, kulima, kulisha mifugo, kuwinda au kuwasha moto ndani ya msitu wa hifadhi bila kibali. Misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Sheria hiyo hiyo inawapa wananchi nafasi mbili muhimu. Kijiji kinachopakana na msitu wa Serikali kinaweza kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja, yanayoeleza wajibu wa kila upande na manufaa ambayo wanakijiji wanaweza kuyapata. Vilevile kijiji kinaweza kutenga msitu katika ardhi yake chenyewe, kikaupangia matumizi, kikatunga sheria ndogo na kukusanya mapato yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au chanzo cha maji. Mita 60 ni zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Mkazi anayeona shamba likifunguliwa ndani ya eneo hilo anapaswa kutoa taarifa kwa Mwenyekiti wa Kitongoji au Afisa Mtendaji wa Kijiji mapema, kabla mazao hayajapandwa, kwa kuwa mgogoro wa shamba tupu humalizika kwa urahisi kuliko mgogoro wa shamba lenye mahindi.

Yanayowezekana

Mkoa wa Dodoma umekwisha kuonyesha kwamba ardhi iliyoharibika inaweza kupona. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, na katika miaka iliyofuata nyasi na miti vilirudi mahali palipokuwa na makorongo mekundu. Somo la Kondoa lina upande wa pili pia: gharama kubwa ilibebwa na wafugaji waliolazimika kuhamisha ng'ombe wao. Ni nafuu kuzuia uharibifu kuliko kuuponya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Njia zilizo ndani ya uwezo wa kaya na vijiji ni hizi:

Kisiki hai. Njia hii imeenea Dodoma katika miaka ya karibuni. Mkulima hachimbi shimo wala hanunui mche. Hutafuta kisiki kinachochipua shambani, huchagua machipukizi machache yenye afya, hupogoa mengine, huweka alama na kuyalinda dhidi ya mifugo. Mizizi imekwisha kufika chini, hivyo mti hukua haraka. Kuni zinazopatikana shambani ni kuni zisizotafutwa msituni.

Matuta ya kontua na makinga maji. Tuta hufuata usawa wa mteremko, halishuki nao. Nyasi za malisho zikipandwa juu ya tuta, hulishikilia na kulisha ng'ombe.

Mizinga ya nyuki. Mwenye mizinga pembeni mwa msitu ndiye mlinzi wa kwanza dhidi ya moto, kwa kuwa moto huo utamgharimu yeye.

Moto kwa utaratibu. Anayekusudia kuchoma mabaki ya shamba apate kwanza kibali, awaarifu majirani, akate barabara ya moto kuzunguka shamba, achome jioni isiyo na upepo, na asiondoke hadi moto uzimike kabisa.

Miti inayofaa kwenye chemchemi. Mikuyu na miti mingine ya asili iachwe au ipandwe karibu na vyanzo vya maji. Mikaratusi, inayokunywa maji mengi, ipandwe mbali navyo.

Jumuiya za watumia maji nazo zina nafasi yake. Wanaofaidika na mfereji au bomba wako chini. Wanaoombwa kuacha kulima karibu na chemchemi wako juu. Vijiji vya bondeni vikikaa pamoja na vijiji vya kilimani na kukubaliana namna ya kusaidiana, iwe kwa miche, mizinga au nguvu kazi ya kukata barabara za moto, mzigo hautamwelemea mmoja.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kitongoji

1. Maji yanayotumika katika kitongoji hiki huanzia wapi, na nani anaishi karibu na chanzo hicho?

2. Katika miaka kumi iliyopita, chemchemi zipi zimepungua au kukauka, na nini kilibadilika katika eneo lake?

3. Moto wa kiangazi kilichopita ulianzia wapi, na ungeweza kuzuiwa na nani?

4. Ni mashamba yapi ya kitongoji yaliyo kwenye mteremko bila matuta, na kaya zipi zinahitaji msaada wa kuyachimba kabla ya mvua za Novemba?

5. Je, kijiji kina eneo linaloweza kutengwa kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, na mapato yake yatumikeje?

Majibu ya maswali hayo yaandikwe katika muhtasari wa mkutano na kuwasilishwa kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, ili yafikishwe katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ushauri wa kitaalamu kuhusu vibali, mipaka ya misitu, matuta na ufugaji nyuki hutolewa na maafisa misitu, kilimo na nyuki wa Halmashauri kupitia ofisi za kata.